Fahamu: Kwa nini upepo wa kaskazi hurutubisha bahari ya Tanga

Planktoni ya mimea huhitaji mwanga, ulioko juu ya bahari, na naitrati na fosfati, zilizojaa vilindini kwenye maji baridi. Upepo ndio huvikutanisha.

Kwa sababu dunia huzunguka, kusini mwa ikweta maji ya juu husukumwa kushoto mwa upepo. Kwa hiyo kaskazi, inayovuma takriban Novemba hadi Machi, huyasogeza mbali na pwani, na maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Kusi, ingawa ina nguvu zaidi, huyabana ufukweni. Somalia, ng'ambo ya ikweta, mambo hugeuka: kusi hiyohiyo huzua mojawapo ya mipando mikubwa ya maji duniani. Tanga mpando ni hafifu, lakini usipuuzwe, maana planktoni ndiyo chakula cha dagaa.

Rutuba nyingine hutoka bara. Mto Pangani hupita Korogwe, na Msangasi hupitia Handeni. Masika, mito yote miwili hupeleka udongo na virutubisho baharini. Udongo ukizidi, hata hivyo, huziba mwanga, na planktoni hudumaa licha ya virutubisho tele.