Kutoka Kivuko cha Garsen hadi Olimpiki: Rekodi za Kafi na Kasia

Dunia inaijua Kenya kwa miguu ya wakimbiaji wake. Mikono ya watu wake wa majini bado haijapewa sifa inayostahili. Tumekusanya hapa mambo marefu, makongwe, makubwa na ya kwanza yanayohusu mtumbwi, kafi na kasia. Orodha inaanzia Garsen, mji wa kando ya Mto Tana, kwa makusudi, kwa sababu huko kupiga kafi ni kazi ya kila siku, na mashindano makongwe ya makasia yaliwekwa kwa ajili ya watu wa kazi hiyo hiyo.

Mto mrefu kuliko yote Kenya

Tana unachota maji yake Aberdare na Mlima Kenya, unapita Garissa, Hola na Garsen, kisha unamwaga baharini Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Urefu wake ni takriban kilomita 1,000. Huko juu umefungwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililoanza kazi 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981 na Kiambere. Gitaru lina uwezo wa megawati 225, na hakuna kituo cha umeme wa maji nchini kinacholizidi.

Ukishaacha milima, mto unabadilika tabia. Nchi inakuwa tambarare, maji yanageuka rangi ya udongo, na mkondo unapinda kushoto na kulia kama unaotafuta njia. Kingo hubomoka, magogo hujificha chini ya maji, na mahali palipokuwa na kina mwaka jana huweza kuwa fungu la mchanga mwaka huu. Mvushaji wa Garsen huusoma mto upya kila msimu, na usomaji huo haufundishwi darasani.

Ardhi oevu yenye cheti cha dunia

Kuanzia Garsen kuelekea baharini mto hutanuka na kuwa delta. Mwaka 2012 Delta ya Tana iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar ikiwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na hekta 163,600. Ndani yake mna maziwa kama Shakababo na Bilisa, mashamba ya mpunga na maembe, malisho ya ng'ombe wa Waorma, na vijiji vya Wapokomo kama Ngao, Golbanti na Wema.

Maji yakijaa, mtumbwi ndio barabara. Mama humpeleka mtoto hospitalini kwa mtumbwi, mkulima huvusha mpunga kwa mtumbwi, mwanafunzi huenda shule kwa mtumbwi. Mtoto wa delta hushika kafi mapema, na anapofika utu uzima mikono na kiuno vimeshazoea kazi ambayo kwingine watu hulipia walimu ili waifundishwe.

Mpopla wa kusini kuliko yote duniani

Miti ya jamii ya mpopla ni mingi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, katika nchi za baridi. Mmoja kati yake umekaa huku kwetu, karibu na ikweta na kusini yake: Populus ilicifolia, ambao Wapokomo huuita mlalai. Hakuna mpopla mwingine unaoota kwa asili kusini kuliko huu, na kingo za Tana ni mojawapo ya makao yake makuu.

Mti huu ni wa mtumbwi. Shina lake ni nene na limenyooka, na mbao zake ni nyepesi. Fundi huuangusha, hulichonga gogo kwa shoka, kisha hulikomba kwa tezo mpaka ubavu uwe mwembamba wa kutosha kuelea lakini mnene wa kutosha kuhimili kisiki. Akizidisha kidogo, gogo limeharibika, na mti uliochukua miaka mingi kukua umepotea bure. Misitu ya kingo za mto inapungua kwa kukatwa na kwa mabadiliko ya mafuriko, kwa hiyo anayetaka mitumbwi kesho hana budi kupanda milalai leo.

Kazi ya mikono iliyogeuza ramani

Zamani mdomo mkuu wa Tana haukuwa Kipini. Katika karne ya 19, enzi za Sultan Ahmed wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, ili mitumbwi yenye mizigo ifike Kau na Kipini bila kukabili mawimbi ya mdomo wa zamani. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Lakini mto ulipojaa ulipita humo, ukaupanua mwaka hadi mwaka, na karne ilipokuwa ikiisha maji mengi ya Tana yalikuwa yameshahamia njia hiyo. Mto mkubwa kuliko yote nchini leo unaingia baharini kupitia njia iliyofunguliwa kwa ajili ya wapiga kafi.

Meli ya mvuke juu ya Tana

Mwaka 1878 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipanda Tana pamoja na daktari Gustav Fischer. Mwaka 1891 Kapteni Dundas, akiitumikia kampuni ya Imperial British East Africa, aliupanda mto kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Safari hizo zimeandikwa vitabuni na majina ya wakuu wake yamehifadhiwa. Wapokomo walikuwa wameshapanda na kushuka njia hiyo kwa vizazi, kwa pondo na kafi, bila boila na bila kuni. Hakuna aliyewapimia mwendo, na jambo lisilopimwa halimo katika orodha za rekodi hata kama ni kubwa.

Mafuriko yanayokumbukwa zaidi

Wazee wa Tana huhesabu miaka kwa maji. Kuna mafuriko ya 1961, kuna El Niño ya 1997 na 1998, na sasa kuna ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024. Kila mara barabara hukatika, vijiji hugeuka visiwa, na wenye mitumbwi ndio hufika kwanza kuliko msaada wowote.

Kazi hiyo ina gharama. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda, upande wa Madogo karibu na Garissa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kuokoa watu 23, na wengine walipoteza maisha. Ustadi wa nahodha haumwokoi abiria asiyejua kuogelea ndani ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Jaketi la kuokolea ni haki ya kila anayevuka, na klabu yoyote ya makasia itakayoanzishwa kwenye mto huu ingepaswa kuanza kwa jaketi na mafunzo ya uokoaji kabla ya kufikiria vikombe.

Mashindano makongwe: zawadi kwa wavushaji

Hapa tutoke kidogo nyumbani. London ya mwaka 1715 ilikuwa na wavushaji wengi sana, kwa kuwa madaraja yalikuwa machache na Mto Thames ndio uliokuwa njia kuu ya mji. Mwigizaji Thomas Doggett, mzaliwa wa Ireland, aliweka zawadi kwa vijana waliokuwa ndio kwanza wamemaliza uanagenzi wa kuvusha watu: koti na beji kubwa ya fedha. Mbio zilitoka London Bridge hadi Chelsea, zaidi ya kilomita 7. Mbio hizo zinaendelea hadi leo, na zinahesabiwa kuwa miongoni mwa mashindano ya michezo yaliyodumu kuliko yote duniani.

Oxford na Cambridge hawakushindana kwa mara ya kwanza mpaka 1829, na mashindano maarufu ya Henley yalianza 1839. Wavushaji waliwatangulia wanafunzi wa vyuo kwa zaidi ya miaka 100. Anayedhani makasia ni mchezo wa wenye nacho tu aanze kuhesabu kutoka 1715.

Ukoo wenye cheo cha amirijeshi wa maji

Afrika Mashariki nayo ina utamaduni mkubwa wa kafi. Katika ufalme wa Buganda nchini Uganda, mitumbwi ya mfalme wake, Kabaka, kwenye Ziwa Viktoria ilikuwa chini ya Gabunga, cheo cha ukoo wa Mmamba, yaani ukoo wa kambaremamba. Mitumbwi hiyo ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa, na ilibeba makumi ya wapiga kafi waliokwenda kwa pigo moja. Mbio za mitumbwi za koo za Buganda ziliendeleza heshima hiyo, kila ukoo ukileta vijana wake mbele ya Kabaka. Watu wa Lamu nao hushindanisha majahazi katika tamasha lao la utamaduni. Pwani na maziwa vimeshapata majukwaa yake. Mto Tana bado unalisubiri lake.

Wa kwanza wetu katika makasia ya kimataifa

Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili na vidole kadhaa katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2019, katika mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Tunis, alijipatia nafasi ya Paralympiki. Katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 akawa mpiga makasia wa kwanza wa Kenya kushiriki Paralympiki. Alishindana peke yake katika mashua, katika kundi la wanaotumia mikono na mabega tu, umbali wa mita 2,000.

Mwaka huo huo, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Kathleen Noble akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Michezo hiyo. Alikuwa mwogeleaji kabla ya kujifunza makasia Princeton, Marekani, na alirudi tena Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Kusini zaidi, London 2012, vijana wanne wa Afrika Kusini walishinda dhahabu katika mashua ya watu wanne wenye uzito mwepesi. Mmoja wao, Sizwe Ndlovu, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika makasia. Walichopata wote hawa ni mashua, kocha na saa ya kupimia.

Muda bora wa mtu mmoja

Juni 2017, mjini Poznan, Poland, Robbie Manson wa New Zealand alikwenda mita 2,000 peke yake kwa dakika 6, sekunde 30.74. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 18 kwa saa, kwa nguvu za mwili mmoja, kwenye maji yaliyotulia. Huo ndio mwendo ambao kijana anayetaka kuufikia anapaswa kuujua.

Mchezo mpya unaowafaa watu wa mkondo

Los Angeles 2028 itakuwa Olimpiki ya kwanza yenye mbio fupi za makasia za ufukweni. Mchezaji hukimbia mchangani, hurukia mashua, huzunguka maboya kwa mita 250, hugeuza, hurudi mita 250 nyingine, huruka na kukimbia hadi mwisho. Mashua ni pana na imara, na mawimbi yamo. Makasia ya pwani yamo pia katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Senegal mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika.

Anayepiga kafi hutazama aendako, ilhali wa kasia huketi akiupa mgongo mwisho wa safari, kwa hiyo kuna mengi ya kujifunza upya. Lakini kusoma maji, kusimamisha chombo chenye kuyumba, kugeuza ndani ya mkondo na kurukia mashua bila kuipindua ni mambo ambayo vijana wa vijiji vya Tana kama Idsowe na Ngao wameshayafanya maelfu ya mara.

Wimbo wa Tana unaopigwa zaidi duniani

Kila Mkenya anapopanda jukwaa la dhahabu, hupigwa wimbo wa taifa. Lahani yake ilitolewa katika bembelezo la Wapokomo, na Meza Moroa Galana, mwana wa Tana, ndiye anayetambuliwa kuwa aliitoa kwa ajili ya nchi kuelekea uhuru wa 1963. Tana imeipa Kenya umeme, chakula na wimbo wa ushindi, na ina watu wa kuushindania huo ushindi majini.

Kinachokosekana ni kile alichofanya Doggett. Kaunti ya Tana River, chama cha makasia cha Kenya na wafadhili wa michezo wanaweza kuweka mbio za kila mwaka Garsen, maji yakiwa yametulia, kwa mitumbwi ya mlalai, wanaume kwa wanawake, jaketi kwa kila mshiriki, umbali uliopimwa na saa inayoaminika. Washindi wapelekwe Mombasa kufundishwa kasia. Matokeo ya mwaka wa kwanza yaandikwe na kutangazwa, ili mwaka wa pili kila kijana wa delta ajue ni muda gani anaotakiwa kuuvunja.