BABU ALIBEBA MIZIGO YA VITA, CHETI CHA KIFO KIKO WAPI?

Leo tunapanda Kondoa, ila si kwenda kutazama michoro ya mapangoni kule Kolo. Tunamtafuta marehemu.

Hivi wewe, baba wa babu yako alikufa lini? Wapi? Nani alimzika? Wengi hapo wanaanza kujikuna kichwa. Ukiuliza Kondoa, jibu utakalopewa mara nyingi ni fupi: alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani, hakuonekana tena. Basi, yameishia hapo.

Mzaha huisha siku shamba la ukoo linapogombewa. Huyu anadai marehemu aliacha watoto wawili, yule anasema watatu. Mjukuu mmoja, msomi kidogo, anapanda basi kwenda wilayani kutafuta cheti cha kifo cha mwaka 1917. Ndugu yangu, utamaliza soli ya viatu! Cheti hicho hakijapotea. Hakikuandikwa kabisa.

Tazama miaka yenyewe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ililetwa na Waingereza mwaka 1920, vita vimeshakwisha. Na hata ilipokuja, hapo mwanzo iliwakazania Wazungu na Waasia. Mwafrika wa kijijini aliachwa afe kimya kimya. Kumlazimisha kila mtu aandikishe kulikuja pole pole, wilaya baada ya wilaya, baada ya Uhuru.

KONDOA YAGEUKA UWANJA WA VITA

Tarehe 19 Aprili 1916, jeshi la Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini liliingia Kondoa-Irangi, kama mji ulivyoitwa siku hizo. Nyuma yao mvua ikafunga njia. Magari yakazama kwenye tope, farasi wakafa ovyo. Usiku wa tarehe 9 Mei, Von Lettow-Vorbeck akawashambulia, akashindwa kuwang'oa. Wakakaa wakitazamana hadi mwezi wa sita, ndipo Waingereza wakasonga kusini na kufika Dodoma mwishoni mwa Julai.

Sasa jiulize, katika tope lile, nani alibeba unga, risasi na mahema? Kichwa cha Mwafrika! Pande zote mbili zilitaka wapagazi, na jumbe akiagizwa watu, anatoa watu. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na unga mbovu ulioivishwa nusu nusu.

Aliyechukuliwa na Mjerumani ndiyo kabisa. Von Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, na aliposalimu amri Novemba 1918 alikuwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Mrangi wa Haubi au Pahi aliyefuata msafara ule anaweza kuwa amelala popote katika njia hiyo ndefu.

Na waliobaki nyumbani nao walikuwa na yao. Njaa kuu iliyoitwa Mtunya ilipiga jirani zao wa Ugogo, ikaua watu wapatao 30,000. Halafu mwaka 1918 ikaja homa kali ya mafua, ile iliyozunguka dunia nzima. Kwa hiyo usikimbilie kusema babu alifia vitani. Pengine alirudi, akaangushwa na homa njiani.

WALIJUA, WAKANYAMAZA

Waingereza walikuwa na madaftari ya wapagazi wao, maana kulikuwa na mshahara wa kulipa. Lakini ulipofika wakati wa kuwakumbuka wafu, Mzungu alichongewa jina lake kwenye jiwe. Mpagazi akapewa sanamu moja ya jumla. Ile sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina la mtu hata mmoja wa Kondoa. Wapagazi wakaachiwa jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao.

Aprili 2021, Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri. Ilisema wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia imepita!

Aliyeumia zaidi ni mwanamke. Mume hana kaburi, hana habari. Je, akae eda? Aolewe? Asubiri? Si mke, si mjane.

SASA UFANYEJE?

Kwanza, anza na wazee walio hai, na usiwasahau bibi zetu. Uliza jina la marehemu, la baba yake, ukoo wake na jumbe wake. Karani wa zamani aliandika alivyosikia, kwa hiyo tafuta jina kwa tahajia tatu nne. Wapo pia waliojipa jina jingine njiani.

Pili, usiulize mwaka, uliza tukio. Alipochukuliwa, mtoto wake mkubwa alikuwa anabebwa mgongoni au anachunga ndama? Hapo unapata mwaka kwa kukisia, na si haba.

Tatu, nenda kwenye mahame. Watu wengi walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, makaburi yakabaki kwenye maskani ya zamani. Fuatana na mzee anayeijua miti ya pale.

Nne, fukua karatasi nyingine. Kama ukoo una Wakristo, omba kuona vitabu vya parokia vya ubatizo na ndoa. Mjane akiolewa tena, huenda mume wa kwanza katajwa. Kesi za mahari na urithi za mabaraza ya wakati wa Mwingereza, pamoja na majalada ya wilaya, ulizia Nyaraka za Taifa.

Tano, kaeni kikao cha ukoo muandike. Andikeni nani kasema nini na lini, na pale wazee wanapopishana andikeni kauli zote mbili. Daftari hilo si cheti cha serikali, lakini mahali pa ubishi wa mashamba lina uzito kuliko kelele. Na siku ya hitima, jina la babu litasomwa kamili.

Mwisho, wewe uliyezika mwaka huu, kibali cha mazishi usikifungie vitumbua. Kipeleke wilayani, wakala wa usajili, RITA, yupo kwa kazi hiyo tangu 2006. Vitukuu vyako visije vikakutafuta kwenye mahame.

Haya, tukutane wiki ijayo.