UKIGONGA MNYAMA WA PORI, USIONGEZE HASARA

Siku hizi mazao yetu mengi husafiri kwa gari na kwa pikipiki. Nyanya za kijiji huondoka jioni ili zifike sokoni alfajiri. Gari likiharibika njiani, nyanya zinaoza, mkulima hapati fedha, na mwenye gari anabaki na deni. Kwa hiyo habari hii si ya dereva peke yake. Ni ya mkulima pia.

Baadhi ya barabara zetu hupita katikati ya wanyama. Mfano mmoja ni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya. Ikishapita Morogoro, inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndani ya hifadhi hiyo barabara ina urefu wa kilomita 50 hivi. Tembo, twiga, nyati, pundamilia na swala huivuka usiku na mchana. Mfano mwingine ni barabara ya Arusha kwenda Babati. Barabara hiyo hupita Kwakuchinja, ambako wanyama huhama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara.

Ukigonga mnyama, hasara huja mara mbili. Hasara ya kwanza huletwa na ule mgongano. Hiyo imeshatokea, huwezi kuirudisha nyuma. Hasara ya pili huletwa na dereva mwenyewe, kwa mambo anayofanya baada ya ajali. Hii ya pili inazuilika. Tena mara nyingi ndiyo kubwa kuliko ya kwanza.

KWANZA WATU, HALAFU GARI

Simamisha gari. Usikimbie. Kama gari linakwenda, lisogeze pembeni mwa barabara. Washa taa za tahadhari.

Usishuke kwa haraka. Tazama kwanza mnyama yuko wapi. Nyati aliyejeruhiwa ni hatari sana. Pundamilia aliyelala chini anaweza kukupiga teke la kukuvunja mfupa. Tembo akigongwa, wenzake wanaweza kurudi. Kama mnyama yu hai na yuko karibu, baki ndani ya gari. Piga simu polisi, namba 112, ueleze mahali ulipo.

Uliza kila abiria kama ameumia. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali, hata kama anasema hajambo. Mwendesha pikipiki naye afanye hivyo hivyo. Maumivu ya kichwa huweza kuchelewa kujitokeza.

Pakiwa salama, weka pembetatu zako za kuonya mbele na nyuma ya gari. Weka mbali kiasi, ili dereva anayekuja apate nafasi ya kupunguza mwendo. Kama huna pembetatu, weka matawi ya miti kando ya njia. Lakini usiweke mawe. Na ukiondoka, ondoa matawi hayo. Matawi yaliyosahauliwa barabarani huleta ajali nyingine.

KAGUA KABLA YA KUWASHA

Hapa ndipo wengi wanapopata hasara ya pili. Dereva anaona bampa limepinda na taa moja imevunjika. Anasema, "Hii ni kidogo, twende." Baada ya kilomita chache injini inazima, na haiwaki tena.

Sababu ni hii. Mbele ya injini kuna rejeta. Kazi ya rejeta ni kupoza maji yanayozunguka ndani ya injini. Rejeta ikitoboka, maji yanamwagika. Injini isiyo na maji inapata moto mwingi, silinda hedi inapinda au kupasuka, na gasketi inaungua. Kubadili rejeta ni gharama. Kutengeneza injini nzima ni gharama kubwa zaidi.

Basi zima injini. Subiri ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maana maji yataruka na kukuunguza uso. Kisha kagua mambo haya:

1. Tazama chini ya gari. Je, kuna maji au oili inayodondoka? Mnyama mfupi kama ngiri huingia chini ya gari. Anaweza kupasua bakuli la oili lililo chini ya injini.

2. Tazama feni. Je, imesukumwa nyuma au imegusa rejeta?

3. Tazama matairi ya mbele. Je, bati lililopinda linakwaruza tairi?

4. Kanyaga breki mara kadhaa. Kama pedali inazama mpaka chini, usiendeshe gari hilo.

5. Zungusha usukani kulia na kushoto. Je, unakwama?

6. Tazama boneti. Kama haifungi, ifunge kwa kamba imara. Boneti ikifunguka gari likiwa katika mwendo, itaziba kioo na hutaona mbele.

7. Ukisikia harufu ya petroli, waondoe watu wote. Asiwepo wa kuwasha kiberiti wala sigara.

Kwa pikipiki, kagua gurudumu la mbele, shokapu za mbele na usukani. Kama gurudumu limepinda, usipande. Isukume au ipakie kwenye gari.

Kama maji au oili inavuja, au kama breki ni mbovu, gari livutwe. Kulipa gari la kuvuta kunauma, lakini kununua injini kunauma zaidi. Mazao yahamishiwe gari jingine usiku huo huo. Usingoje fundi huku nyanya zinaharibika.

MNYAMA SI WAKO

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, chini ya usimamizi wa serikali. Kumgonga kwa gari hakumfanyi awe wako. Nyama yake, ngozi yake na pembe zake ni nyara za serikali. Ukikutwa na paja la swala nyuma ya gari bila kibali, una kesi, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka mingi. Dereva aliyekuwa na ajali tu sasa ni mshtakiwa. Haya yanawahusu pia wananchi wanaotoka nyumbani na visu na ndoo wanaposikia kishindo barabarani.

Sisi wa kilimo na mifugo tunaongeza neno moja. Hujui kwa nini mnyama yule alikuwa barabarani. Huenda alikuwa mgonjwa. Kimeta huua watu wanaochuna na kula mnyama mgonjwa. Fisi au mbweha anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mate yake yakikuingia kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Toa taarifa. Ndani ya hifadhi, mwambie askari wa hifadhi. Nje ya hifadhi, mwambie mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya. Katika hifadhi kuna faini, nayo hutegemea aina ya mnyama. Lakini kukimbia hakuondoi faini. Huongeza kosa.

POLISI NA BIMA

Usitengeneze gari kabla ya polisi na watu wa bima kuliona. Piga picha kwa simu: namba ya gari, sehemu zilizoharibika, mnyama, na alama za breki barabarani. Andika saa na mahali. Polisi wakiandika taarifa, omba nakala. Kama mtu ameumia, ulizia fomu ya PF3.

Kisha tazama karatasi ya bima. Wengi wanayo, lakini hawajui ni ya aina gani. Bima ndogo hulipa hasara uliyowafanyia watu wengine. Hailipi gari lako. Bima kubwa ndiyo inayoweza kulipa matengenezo ya gari lako, kwa masharti yaliyoandikwa. Wape taarifa mapema, na utunze risiti zote.

Kuna wanaodhani serikali italipa gari kwa njia ya kifuta jasho. Sivyo. Kifuta jasho ni kwa ajili ya mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama hatari. Kifuta machozi ni kwa ajili ya mtu aliyejeruhiwa au aliyefariki.

PUNGUZA MWENDO

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 kwa kila sekunde moja. Likienda kilomita 50 hupita mita 14 tu. Nguvu ya mgongano nayo hupungua mara nne. Wanyama huvuka zaidi alfajiri, jioni na usiku. Ukiona mmoja amevuka, ngojea, kwani wenzake wako nyuma. Mnyama akitokea ghafla, funga breki na ushike usukani sawasawa. Ukikata kona kwa nguvu, gari lenye mzigo litapinduka.

Ndugu msomaji, kama kikundi chenu kina gari, fanyeni jambo moja katika mkutano ujao. Mwambieni mweka hazina alete karatasi ya bima. Isomeni pamoja kwa sauti. Angalieni ni bima ndogo au bima kubwa, na inakwisha tarehe gani. Kisha mwulizeni dereva kama ndani ya gari kuna pembetatu mbili, kamba, tochi na dumu la maji. Kama havipo, vinunuliwe kabla mavuno hayajapakiwa.