Rangi Haizibi Ufa: Jinsi ya Kukarabati Rimu za Gari Nyumbani

Mvua za masika zinapopita, barabara nyingi hubaki na mashimo, na magurudumu ya magari ndiyo huumia kwanza. Rimu huchubuka, hupinda au hupasuka zinapogonga ukingo wa shimo au wa lami. Ili kupunguza gharama, wamiliki wengi wa magari huamua kuzikarabati na kuzipaka rangi wenyewe nyumbani.

Kazi hiyo inawezekana iwapo kasoro ni ndogo. Hata hivyo, zipo kasoro ambazo hazifai kuguswa bila vifaa vya karakana, kwa kuwa rimu ndizo zinazobeba uzito wa gari pamoja na wote waliomo.

Ni rimu ya aina gani?

Sumaku ndogo inatosha kujua. Ikinata, rimu ni ya chuma. Isiponata, ni ya aloi ya alumini. Rimu ya chuma hushika kutu na kwa kawaida hupinda kabla ya kupasuka. Ya aloi ni ngumu zaidi kupinda, lakini inaweza kupasuka kwa kishindo kimoja. Rangi yake ikibanduka, aloi hufanya unga mweupe, hasa maeneo ya Pwani ambako hewa ina chumvi.

Kasoro zisizo za nyumbani

Mikwaruzo ya juujuu, rangi iliyobanduka na kutu ambayo haijala chuma zinaweza kurekebishwa nyumbani. Rimu yenye ufa, iliyopinda, iliyomeguka, au iliyoharibika matundu ya nati au mahali tairi inapokalia, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, au ibadilishwe.

Dalili za hatari ni usukani kutetemeka gari linapoongeza mwendo, tairi kupoteza upepo polepole bila pancha, na tairi kulika upande mmoja. Ili kutafuta ufa, rimu isafishwe kisha ipakwe maji ya sabuni pande zote mbili tairi ikiwa na upepo. Mapovu yakitokea kwenye chuma chenyewe, rimu hiyo isitumike.

Wakazi wanatahadharishwa pia dhidi ya kunyoosha rimu za aloi kwa moto wa gesi na nyundo. Joto kali hupunguza nguvu ya aloi, na udhaifu huo hauonekani kwa macho. Rimu inaweza kurudi na umbo zuri kisha ivunjike safarini.

Hatua za kufuata

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari kwa jeki, kisha litegemeze kwa stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka.

2. Osha rimu kwa maji ya sabuni na brashi, mbele na nyuma. Vumbi la breki lisipeperushwe kwa upepo wa mashine, kwani ni hatari kulivuta. Ondoa mafuta kwa kitambaa chenye thina, kisha uache ikauke kabisa.

3. Sugua mahali palipochubuka kwa msasa namba 240 hadi kingo ziwe laini, kisha namba 400. Kutu yote lazima itoke. Ikibaki, itaendelea kula chuma chini ya rangi.

4. Mikwaruzo midogo ijazwe puti ya chuma kwa tabaka jembamba. Ikishakauka, isuguliwe hadi isawazike. Puti hurekebisha sura tu. Haiongezi nguvu ya rimu.

5. Chomeka karata kuukuu kati ya tairi na rimu kuzunguka pande zote, na ufunike tairi na vali kwa gazeti na tepu ya karatasi. Ziba pia matundu ya nati na sehemu ya nyuma inayokutana na habu. Rangi ikiingia hapo, nati hukazwa juu ya rangi badala ya chuma. Rangi ikisagika, nati hulegea.

6. Puliza praima, kisha rangi, na mwisho vanishi. Shika mkebe umbali wa sentimita 20 hadi 30, na upake tabaka mbili au tatu nyembamba badala ya moja nene inayotiririka. Fuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mkebe, na uache rimu kwa saa 24 kabla ya kuifunga.

7. Rudisha gurudumu na ukaze nati kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, si kwa kufuatana. Malizia gari likiwa chini, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 80.

Usalama wa nyumbani

Rangi ya kupuliza hushika moto kwa urahisi. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na watoto, na anayeifanya avae barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, miwani na glavu. Mikebe iliyokwisha isitobolewe wala kuchomwa pamoja na takataka, kwani hulipuka. Thina na mabaki ya rangi yasimwagwe kwenye mitaro, kwa sababu maji hayo huishia mitoni.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Anayenunua rimu zilizotumika naye achunguze sehemu ya ndani, isiyopakwa rangi mara nyingi, kwani huko ndiko ufa na alama za kuchomelewa huonekana kwanza.