Mwanafunzi wa sheria aliyeitikisa Facebook

VIJANA wengi hudhani kwamba kazi ya mwanasheria ni kuvaa joho, kusimama mbele ya hakimu na kumtetea mwizi wa kuku. Hawajui kuwa kuna wanasheria ambao kazi yao ni kulinda siri za watu zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta. Mmoja wao ni Max Schrems wa Austria.

Schrems alizaliwa mwaka wa 1987 na akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Vienna. Mnamo 2011, akiwa kwa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, alimsikiliza wakili wa Facebook aliyealikwa darasani. Alishangaa kuona jinsi wakili huyo alivyokuwa na ufahamu mdogo wa sheria za Ulaya kuhusu faragha.

Sheria hizo zilimpa kila mtu haki ya kuuliza kampuni ina habari gani kumhusu. Basi Schrems akaomba faili yake. Alipokea kurasa zaidi ya 1,200! Miongoni mwazo zilikuwamo jumbe alizodhani alikuwa amezifuta.

Alipeleka malalamiko 22 nchini Ireland, kwenye makao ya kampuni hiyo barani Ulaya. Mwaka wa 2013, Edward Snowden alipofichua kwamba majasusi wa Marekani walikuwa wakichukua data kutoka kampuni kubwa za intaneti, Schrems alilalamika tena. Kamishna wa Ireland alikataa kulichunguza jambo hilo. Kijana hakufa moyo, akaenda mahakamani.

Mnamo Oktoba 6, 2015, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifutilia mbali mpango wa Safe Harbour, uliotumiwa na maelfu ya kampuni kupeleka data Marekani. Mpango uliochukua nafasi yake, Privacy Shield, nao ulifutwa Julai 16, 2020, katika kesi nyingine iliyotokana na malalamiko yake.

Mwaka wa 2017 Schrems na wenzake walianzisha mjini Vienna shirika lisilo la faida, noyb, ili mwananchi wa kawaida asiye na uwezo wa kupambana na kampuni tajiri apate mtetezi.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi Wakenya? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ile ile aliyoitumia Schrems. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mnamo Septemba 2023, ofisi yake ilitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa hivyo mzazi, ukiona picha ya mwanao mahali usipoiruhusu, una pa kulalamika. Nawe mwanafunzi unayependa sheria na kompyuta, usiambiwe uchague moja utupe nyingine. Zisome zote mbili, kwani benki, hospitali na afisi za serikali zinaweka data zetu kila siku, na wananchi wanahitaji watu wanaojua kuuliza maswali. Schrems alianza na swali moja tu, kabla hata hajamaliza masomo.