Kumwajiri Mwangalizi wa Mzee Nyumbani: Je, Ni Kumtupa Mzazi?



Ndugu zetu katika imani, suali hili tumeulizwa mara nyingi, Unguja na Pemba. Mzazi amelala kitandani, mabinti wameolewa, watoto wa kiume wako Maskati au London wanatuma fedha. Je, kumwajiri mtu wa kumuosha na kumlisha ni kumtupa mzazi?

Jawabu: si kumtupa, lakini kwa masharti. Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzeeni, tusiwakemee, na tuseme nao kwa heshima. Kazi ya mikono inaweza kufanywa na mwengine. Huruma ya mtoto haikodiwi. Anayetuma mshahara wa mwangalizi na mwezi mzima hajazungumza na mama yake, bado anadaiwa.

Kwanza, mzee mwenyewe aulizwe. Tulimtembelea bibi mmoja aliyekataa kula, na watoto wake wakasema akili imeanza kumpotea. Mjukuu wake akamuuliza taratibu. Bibi akajibu: "Mwanangu, naletewa chai nami sijatahirishwa, Alfajiri imenipita. Chai itapita wapi?" Mwangalizi alikuwa akifika saa tatu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza bibi. Saa zilipobadilishwa, bibi alikula. Basi muulizeni mzee anapenda kuoshwa saa ngapi, chakula gani, na nani aingie chumbani kwake. Uzee haumwondolei mtu hiari yake.

Pili, sitara na ibada. Mwanamke aangaliwe na mwanamke, na mwanamme na mwanamme. Asipopatikana, dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: aoshwe chini ya shuka, kwa glavu, na kisitazamwe ila kisichoepukika. Mwangalizi asiye maharimu asikae naye faragha. Ajue pia Qibla kiko upande gani wa kitanda. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimfundisha 'Imraan bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na katika madhehebu yetu ya Kishafi, asiyeweza kutawadha peke yake hutafuta wa kumsaidia, hata kwa ujira akiwa nao.

Tatu, haki ya mwangalizi. Ijara haisihi mpaka kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Msichana aliyeletwa kutoka shamba kumwangalia bibi, kisha akaongezewa kupika, kufua na kulea wajukuu kwa mshahara ule ule, amedhulumiwa. Mtume ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Kwa wanaoendesha huduma hizi, Suratul-Qasas aya ya 26 imetaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Nguvu ni pamoja na ujuzi: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia, na kumlisha akiwa ameinuliwa asipaliwe. Uaminifu ni pamoja na kuhifadhi siri. Yaliyoonekana chumbani yasifike barazani. Wekeni daftari la dawa, chakula na aliyoyasema mzee, ili zamu ya jioni ijue ya asubuhi. Na msimbadilishie mzee nyuso kila siku.

Nne, mali. Tangu 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hutoa Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70. Fedha hiyo ni milki ya mzee. Akiridhia imlipe mwangalizi, sawa. Kuichukua bila ya idhini yake ni kula mali ya mtu kwa batili. Ikiwa hana kitu, matumizi yake yako juu ya watoto wenye uwezo. Na dada aliyebaki naye nyumbani si mwajiriwa asiye na mshahara: ndugu wamsaidie, wampokee zamu, apate kulala.

Kaeni pamoja leo, mzee akiwepo na akisikilizwa, mgawane wajibu huu kabla haujawagawa nyinyi.

Wa Allaahu A'lam.