Kisu cha springi kinavyoleta kesi ugenini

Mwezi huu tunaongelea kitu kidogo kinachoingia mfukoni: kisu cha springi. Ni kile ambacho makali yake yamejificha ndani ya mpini, ukibonyeza kitufe yanaruka nje yenyewe, twa! Vijana wanakiona kwenye filamu na kwenye simu, wanakipenda. Wazazi nao wanatuuliza: kijana wangu yuko Marekani, ametuma picha ameshika kile kisu, je, ni kosa? Sisi tunauliza kwanza: yuko jimbo gani?

Tuanze na hapa tulipo. Kambini kila nyumba ina kisu cha jikoni, na wengi wana panga. Hakuna anayeshtuka akimwona mama anatoka shambani na panga juu ya fungu la majani. Sheria za adhabu za Tanzania na Kenya, ambazo mizizi yake ni ya wakoloni Waingereza, zinakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Yaani kinachoangaliwa zaidi ni wewe unafanya nini nacho. Panga la kulimia halina shida, panga la kuzunguka nalo usiku mbele ya nyumba ya jirani lina shida, na kila mtu anaelewa bila kusoma kitabu.

Sasa ugenini mambo yanageuka. Katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi, kisu cha springi chenyewe ndicho kosa. Hujamtisha mtu, hujakitoa mfukoni, hata wakati mwingine hujatoka nacho nyumbani, lakini kesi ipo. Hapo ndipo vijana wetu wanapokwama, kwa sababu wamekulia mahali ambapo kisu ni kisu tu.

Hofu hiyo kule Marekani ina historia yake. Mwaka 1950 gazeti la akina mama, Woman's Home Companion, lilitoa makala iliyowaonya wazazi kwamba kisu cha springi ni mchezo unaoua watoto. Baadaye zikaja filamu za vijana wahuni wanaopigana kwa visu hivyo, watu wakaingiwa na wasiwasi, wabunge wakasukumwa. Mwaka 1958 ikapita sheria ya nchi nzima juu ya visu vya springi. Wengi wanafikiri sheria ile ilimkataza kila mtu kumiliki. Sivyo. Ilikataza kuvitengeneza na kuvisafirisha kwa biashara kati ya jimbo na jimbo, kuviingiza kutoka nje, na kuwa navyo kwenye maeneo yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja. Adhabu yake ni faini hadi dola 2,000, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Kuna kifungu kimoja kilichotuchekesha kidogo: mtu mwenye mkono mmoja ameruhusiwa kutembea na kisu cha springi kama makali hayazidi inchi 3. Ukifikiri vizuri kina akili, maana kisu cha kawaida cha kukunja utakifunguaje kwa mkono mmoja?

Mengine yote waliachiwa majimbo, na kila jimbo lina njia yake. Texas walifuta katazo la kisu cha springi mwaka 2013. Pennsylvania wakafuata, na kuanzia Januari 2023 si kosa tena kwa sheria ya jimbo. Lakini mji wa Philadelphia, ambao uko ndani ya Pennsylvania hiyo hiyo, una sheria yake ya mji inayokataza kuwa na silaha ya kukata barabarani, isipokuwa chombo cha kazi wakati wa kazi. Massachusetts, mahakama yao kuu ya jimbo ilisema Agosti 2024 kwamba katazo lao linapingana na Katiba ya Marekani. California wanapima urefu: makali yakifika inchi 2, yaani kama sentimeta 5, huruhusiwi kutembea nacho wala kuwa nacho sehemu ya abiria ndani ya gari mahali pa watu. Kijana anaweza kununua kisu Texas kihalali kabisa, akapanda basi kumfuata dada yake California, akashuka tayari ana kosa mfukoni.

Yaliyotokea New York tunataka yasomwe polepole, maana yanawagusa watu wa kazi. Kule kulikuwa na katazo la kisu kinachofunguka kwa uzito wake au kwa kutikiswa mkono. Maneno hayo yalikuwa mapana mno. Mafundi, wabeba mizigo na wafanyakazi wa stoo walikuwa wananunua dukani visu vya kawaida vya kukunja, vinavyouzwa wazi wazi, vya kukatia maboksi na kamba. Polisi akiona kipande cha kisu kinachungulia mfukoni, anakichukua, anakitikisa kwa nguvu mara moja, mara mbili, kikifunguka, pingu. Maelfu ya watu walikamatwa hivyo, na wengi wao walikuwa watu weusi na Walatino. Sheria ile ilifutwa Mei 2019, baada ya miaka mingi ya malalamiko. Walioumia walikwisha umia. Na msichanganye: kilichofutwa ni kile cha kutikisa. Kisu cha springi, cha kitufe, bado kimekatazwa New York.

Tunajua kuna wanaosema, mambo ya Marekani yanatuhusu nini siku hizi? Ni kweli, safari za wakimbizi kwenda kule zilisimamishwa Januari 2025, na familia zilizokuwa zimeshauza vyombo zinajua uchungu wake. Lakini makumi ya maelfu ya Wakongo wako kule, pamoja na Warundi wa 1972 waliopelekwa kuanzia 2007. Ni watoto wetu, na simu zao tunazipokea kila wiki.

Canada ni wakali zaidi. Kisu kinachofunguka chenyewe kwa kitufe, kwa springi, kwa uzito au kwa kutikiswa, kimeandikwa kwenye sheria yao ya jinai kama silaha iliyopigwa marufuku. Nchi nzima, si jimbo kwa jimbo. Hata kikiwa kwenye droo ya chumbani. Mtu akijulikana alikuwa nacho huku akijua haruhusiwi, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Miaka 10 hiyo siyo namba ya kupita tu: sheria yao ya uhamiaji inasema mkaazi wa kudumu aliyepatikana na hatia ya kosa ambalo adhabu yake ya juu inafika miaka 10 anaweza kupoteza haki ya kukaa, hata kama hakimu mwenyewe alimpa adhabu ndogo. Mzaliwa wa pale atalipa au atafungwa na yakaisha. Wetu anaweza kuanza upya habari ya makaratasi.

Uingereza walikataza kuuza na kutengeneza kisu cha springi tangu 1959. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa nacho nyumbani hakuguswa, lakini kuanzia Julai 2021 hata kukiweka ndani ya nyumba ni kosa. Kwa visu vingine, ukiwa nje lazima uwe na sababu ya msingi. Mpishi anayekwenda kazini na visu vyake vimefungwa vizuri ana sababu. Kijana anayesema "nimebeba kwa kujilinda" hana, na neno hilo ndilo wengi wanalisema kwa polisi wakidhani litawaokoa. Kisu kidogo cha kukunja kinaruhusiwa bila sababu kama makali hayazidi inchi 3 na hakijikazi kikifunguliwa. Ukizidisha hapo, kifungo kinaweza kufika miaka 4. Na England mtoto anaanza kuwajibika kwa jinai akiwa na miaka 10, kwa hiyo msiseme "bado mdogo huyo".

Tukirudi kwenye makaratasi: Marekani, mkimbizi akiomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na akiomba uraia baadaye, fomu inauliza kama amewahi kukamatwa. Haiulizi tu kama alifungwa. Hata kesi iliyofutwa inatakiwa kutajwa, na karatasi ya mahakama ionyeshwe. Tunawaomba wazazi mkiongea na vijana waambieni wasifiche. Kukamatwa kwa kisu mara moja kunaweza kuelezwa na wakili, ila uongo kwenye fomu unageuka kosa jingine, na hilo la pili mara nyingi ni zito kuliko kisu chenyewe.

Shule nazo tusizisahau. Kisu cha aina yoyote kwenye begi la mwanafunzi, hata kama mama alikiweka cha kumenyea chungwa, kinaweza kumfukuzisha shule, na polisi wakaitwa. Kwa walio kwenye viwanda vya nyama na mastoo, kisu cha kazi kibaki kazini, kwenye kabati lako. Ukisahau ukatoka nacho na polisi akakusimamisha, mikono ionekane, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba una chombo cha kazi na kiko mfuko gani. Usikitoe wewe. Baba mmoja anayejua kisu tangu utotoni anaweza kuona huko ni kudharauliwa, lakini mkono unaoingia mfukoni mbele ya polisi wa kule unasomwa vibaya.

Zawadi pia. Posta ya Marekani haipokei visu vya springi kutoka kwa watu wa kawaida, kwa hiyo kaka aliyeko jimbo linaloruhusu asimfungashie mdogo wake. Na Australia forodha inavizuia mlangoni, hata ukinunua kwa simu kutoka nchi nyingine.

Mwisho, kwa familia zinazojiandaa na safari. Kisu chako cha jikoni, kile cha kawaida ulichokizoea, hakikatazwi kwenda nawe. Kifunge kwa kitambaa kizito, kiweke kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Kwenye begi la mkononi kitachukuliwa uwanjani, na hakirudishwi. Cha springi kiache, na watoto wakaguliwe mifuko kabla ya basi kuondoka kambini.